Uongo Usioalikwa

Kabla hadithi haijaanza, fanani wa Kiswahili huomba ruhusa. Husema, "Hadithi, hadithi!" na hakiendelei kitu mpaka hadhira imjibu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Sekondari tulifundishwa kwamba huu ni mwanzo wa kifomula, tukaunakili daftarini na kuujibia mtihani. Ni nadra mwalimu kuuliza kwa nini watoto waliokaa mkekani wanauita uongo kwa jina lake, tena kwa sauti moja, kabla haujafika.

Nadhani wanauita kwa sababu wanajua kinachokuja. Sungura atasema, fisi atadanganywa, mtu atamezwa na kutapikwa akiwa mzima. Wamekubali kudanganywa kwa muda, na fanani amekubali kwamba wanajua. Tazama pia mpangilio: utamu unakuja wa tatu, baada ya hadithi kutajwa na baada ya uongo kualikwa. Hayo ni makubaliano ya pande mbili. Ninataka kuyatumia kama kipimo cha kusomea aina moja ya fasihi ambayo wahakiki wetu wameiacha, ingawa hakuna mtoto wa mjini asiyeijua: tangazo la soda, krispi, pipi na biskuti.

Nasema fasihi kwa makusudi. Tangazo lina wahusika, lina taswira, lina mizani na takriri. Lina fanani, ingawa hatumwoni, na hadhira yake ni kubwa kuliko ya mwandishi yeyote tuliyemsoma darasani. Nimekaa miaka mingi nikijifunza kuuliza matini maswali: nani anasema, anamwambia nani, kwa nafsi ipi, na ananyamazia nini. Sioni sababu ya maswali hayo kuishia kwenye riwaya.

Naishi Ipagala, upande wa Ilazo, katika kata ya Jiji la Dodoma ambayo imejaa nyumba kwa kasi tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku. Nyumba zilipokuja, maduka yakaja nazo, na maduka yakaja na kuta zake. Kitabu cha hadithi cha mtoto unakifuata mjini, na unakilipia. Ukuta uko njiani, na kuusoma ni bure. Kwa hiyo mtoto wa hapa, kabla hajashika kitabu chake cha kwanza, ameshapita mbele ya ukuta uleule mara mamia, akiwa mgongoni, kisha akishikwa mkono, kisha peke yake akitumwa chumvi.

Ukuta wenyewe uko hivi. Umepakwa rangi moja nzito kutoka kwenye msingi mpaka karibu na bati. Katikati kuna jina la soda kwa mwandiko wa kulala, mkubwa kuliko mlango. Pembeni imechorwa chupa, na juu ya chupa kuna matone ya maji yanayoteremka. Jina la duka limebanwa juu ya dirisha la nondo kwa herufi ndogo, kama jina la mchapishaji kwenye jalada la kitabu.

Anza na matone. Dodoma ni nchi kavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kisha anga linafunga kwa miezi mingi. Mwezi wa kumi upepo unabeba vumbi jekundu, majani yamekwisha, mibuyu imebaki mifupa, na watoto wanatoka shuleni saa za jua kali. Katika mazingira hayo kuna maji mahali pamoja ambayo hayakauki: yale yaliyochorwa ukutani. Aliyeyachora hakuhitaji kusema kwamba soda hukata kiu kuliko maji. Kiu ya mtoto ndiyo inayosema.

Halafu tazama sarufi. Matini hii haina kitenzi. Kuna jina, kuna rangi, kuna picha. Haiamrishi, haiahidi, haidai. Sentensi yenye kiima na kiarifu unaweza kuipima ukasema ni kweli au si kweli. Hata Sungura, akisema ndiye mfalme wa nyika, kuna mtoto atakayecheka na kukataa. Ukuta haukanushiki, kwa kuwa haujasema kitu. Umechukua utamu wa ile fomula na kuuacha uongo bila kutajwa, kwa hiyo hakuna wa kuualika wala wa kuukataa.

Je, mtoto anausoma kweli? Binti wa jirani yangu yuko chekechea na bado anahangaika na silabi. Siku moja tulipita wote dukani, nikamwonyesha ukuta nikamwuliza pameandikwa nini. Akataja jina la soda bila kusita.

"Umejuaje?"

"Anti, si pameandikwa!" akanishangaa.

Nikamwonyesha jina la duka, herufi sita tu. Hakuliweza. Yaani neno la kwanza alilolisoma maishani mwake si jina lake, wala la mama yake, wala la mtaa wake. Ni nembo. Kila kitabu atakachokisoma baadaye kitakuta nafasi ya kwanza imeshachukuliwa.

Matini ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu ina waandishi wawili. Ni bango la shule, la aina utakayoikuta katika miji mingi ya Tanzania. Sitaitaja shule, maana suala si shule moja. Bango lina jina la shule, sanduku la posta, pengine na kaulimbiu kuhusu elimu au nidhamu. Juu yake, au pande zote mbili, kuna nembo ya kampuni ya soda, iliyotengenezwa vizuri kuliko maandishi mengine yote. Kampuni imetoa bango, shule imepata bango. Kwa mtazamo wa mhasibu, kila mtu amefaidi.

Mhakiki anauliza swali jingine: hapa anayesema ni nani? Bango la shule ni mahali ambapo umma unazungumza na mtoto. Linamwambia: hapa ndipo utafundishwa yaliyo kweli. Nembo ikikaa ndani ya bango hilo, haibaki nembo ya duka tena. Inaazima sauti ya mwalimu. Mtoto wa darasa la kwanza hana namna ya kujua kwamba nusu ya bango imeandikwa na halmashauri na nusu nyingine na idara ya mauzo. Kwake ni sentensi moja.

Michezo nayo ni hivyohivyo. Katikati ya miaka ya 2010, mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yaliendeshwa kwa udhamini wa Coca-Cola na kuitwa Copa UMISSETA. Fedha hizo zilifanya kazi: mipira ilinunuliwa, vijana walisafiri, vipaji vilionekana. Hilo silibezi. Naangalia jina tu. Kampuni hiyo ina sera yake yenyewe ya kutotangaza moja kwa moja kwa watoto walio chini ya miaka 13, na wanafunzi wa sekondari wengi wameshavuka umri huo, kwa hiyo kwa kipimo chake haikukosea. Lakini Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kati ya 13 na 18 kuna miaka mitano ambayo nchi inamwita mtoto na soko linamwita mteja. Anayepewa haki ya kuandika kamusi ndiye anayeamua neno "mtoto" linaishia wapi.

Kuna pakiti za krispi zenye katuni inayocheka na ahadi ya zawadi ndani. Kuna vibwagizo vya redioni ambavyo watoto huviimba wakiruka kamba, pamoja na nyimbo walizorithi kwa bibi zao, bila kutenganisha. Sitavichambua vyote. Vinafanana kwa jambo moja: vinaingia kwenye mchezo wa mtoto bila kubisha hodi.

Watu wengi hudhani mtoto huona tangazo kama sisi tunavyoliona, ila kwa akili ndogo zaidi. Sivyo. Mwaka 2004 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipitia tafiti zilizokuwepo na kuhitimisha kwamba watoto walio chini ya miaka minane hawana bado uwezo wa kutambua kuwa tangazo lina nia ya kuwashawishi. Hulipokea kama taarifa, kama wanavyopokea kuwa jua linachomoza. Nikilirudisha hilo kwenye lugha ya fasihi: mtoto huyo hajui utanzu anaousoma. Msomaji asiyejua utanzu hajapewa nafasi ya kusema "uongo njoo."

Kuna anayejibu kwamba tangazo halina nguvu hiyo, eti watoto wanatazama na kusahau. Huyo nampa mfano wa hapa nyumbani. Taasisi ya Ubongo ya Dar es Salaam ilianza kurusha katuni ya Ubongo Kids mwaka 2014, kisha ikatengeneza Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi, yenye binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Watafiti walikwenda Morogoro kupima kama watoto wa chekechea wanajifunza kitu kwa kuitazama, wakakuta kwamba wanajifunza, zikiwemo namba na maumbo. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini hatuwezi kushangilia kwamba katuni na wimbo humfundisha mtoto kuhesabu, kisha tukaapa kwamba katuni na wimbo wa soda havimfundishi chochote. Ama mtoto anafundishika kwa picha, ama hafundishiki.

Nchi yetu imeshawahi kutoa hukumu juu ya matini ya namna hii, nayo ni hukumu ninayoiona kama kazi nzuri ya uhakiki. Mwaka 1939, daktari Cicely Williams, aliyekuwa amefanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alisimama Singapore mbele ya klabu ya Rotary akatoa hotuba ambayo kichwa chake kiliweka neno maziwa kando ya neno mauaji. Alikuwa akisema juu ya maziwa ya kopo yaliyonadiwa kwa akina mama ambao wangeweza kunyonyesha. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kwa dunia kumsikiliza. Mei 1981, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha mwongozo wa kimataifa wa kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama kwa kura 118. Iliyopinga ilikuwa nchi moja tu, Marekani.

Ukiusoma mwongozo ule, utaona umeandikwa na watu waliojua kusoma picha. Haukatazi kuuza maziwa. Unakataza kuyatangaza kwa umma, kutumia vituo vya afya kuyanadi, na kuweka picha ya mtoto mchanga kwenye kopo. Kifungu hiki cha picha ndicho kinachonivutia. Waandishi wake walielewa kwamba mtoto mnene anayetabasamu kwenye kopo ni hoja, tena hoja isiyojibika, kwa sababu haikusemwa kwa maneno. Tanzania iliuingiza mwongozo huo katika kanuni zake, zikiwemo za mwaka 2013. Kwa hiyo tunajua tayari kwamba picha inaweza kudanganya bila kitenzi. Kinachobaki ni kukubali kwamba mtoto hakui siku anapoacha kunyonya.

Kwa upande wa soda na krispi, dunia imekwenda polepole. Mwaka 2010 Mkutano wa Afya Duniani ulikubali mapendekezo kwamba maeneo wanakokusanyika watoto, kama shule, yasiwe na aina yoyote ya unadi wa vyakula vyenye mafuta mabaya, sukari au chumvi nyingi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaozitaka nchi kutunga sheria za lazima, badala ya kutegemea ahadi za kampuni, na kuwalinda watoto wa umri wote. Mapendekezo hayo hayamfungi mtu. Nchi chache zimeyafanya sheria, na kila moja imefichua namna inavyosoma.

Quebec, nchini Canada, ilikwenda kwa msikilizaji. Tangu mwaka 1980 ni marufuku kuwatangazia watoto walio chini ya miaka 13 bidhaa yoyote, iwe pipi au mdoli. Kampuni moja ya vifaa vya kuchezea ilikwenda mahakamani ikidai uhuru wa kujieleza. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Juu ya Canada ilikubali kwamba tangazo ni aina ya kujieleza, lakini ikaiacha sheria isimame, kwa kuwa mtoto ni msikilizaji anayestahili ulinzi. Napenda hukumu hiyo kwa sababu haikukana kwamba tangazo ni matini.

Chile ilikwenda kwenye pakiti. Sheria yake, iliyoanza kutumika Juni 2016, iliweka alama nyeusi za pembe nane kwenye vyakula vyenye sukari, chumvi, mafuta au nishati kupita kiwango, ikaziondoa katuni kwenye pakiti zenye alama hizo. Chui milia wa nafaka za Kellogg's, anayejulikana dunia nzima, ilibidi atoke kwenye boksi. Kisha mwaka 2018 matangazo ya vyakula hivyo yakazuiwa kwenye televisheni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Kwa lugha ya mkekani, Chile ilimlazimisha fanani aseme neno "uongo" mwenyewe, kwa wino mweusi, upande wa mbele.

Uingereza ilichelewa, na ilipofika ikaacha mwanya. Sheria iliyoanza kutumika rasmi Januari 2026 inazuia matangazo ya vyakula hivyo kwenye televisheni kabla ya saa 3 usiku, na matangazo ya kulipia mtandaoni wakati wote. Lakini tangazo linaloonyesha jina na nembo bila kuonyesha bidhaa yenyewe linaruhusiwa. Aliyeandika msamaha huo alidhani tangazo ni picha ya chakula. Mlete Ipagala umsimamishe mbele ya duka. Mara nyingi ukuta ule ni jina na rangi peke yake, na mtoto asiyejua kusoma ameshausoma wote. Sheria ya kuagiza kutoka huko isingegusa hata tone moja la rangi ya mtaani kwetu, na ndiyo maana naogopa siku tutakapoinakili.

Hoja ya kwanza dhidi ya vizuizi ni ya wazazi: mtoto ni wako, mlee. Inasikika ya Kiafrika na ya heshima. Lakini mzazi anamlea mtoto dhidi ya nani? Ana sauti moja, jioni, akiwa amechoka. Upande wa pili kuna wachoraji, watunzi, na bajeti, na wanasema mchana kutwa. Mzazi akisema hapana, mtoto anaiona hapana hiyo kama ukatili wa mama, kwa sababu ukuta, redio na bango la shule vyote vimesema ndiyo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakuwa wamefikiria ulimwengu unaomlipa mwalimu ili amtangulie mama.

Hoja ya pili ni ya njaa, na inauma zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi kama hiyo, kusemea soda si anasa ya wasomi? Ningekubali kama soda ingekuwa inamfikia mtoto aliyekwisha kula. Lakini shilingi inayotoka kwenye kiganja cha mtoto ni ileile moja. Ikinunua soda, haijanunua karanga wala ndizi wala maziwa. Udumavu na unene havikai katika nchi mbili. Vinakaa katika kata moja, na pengine katika nyumba moja. UNICEF ilitangaza mwaka 2025 kwamba kwa mara ya kwanza duniani watoto na vijana wa umri wa kwenda shule wenye unene uliopitiliza, asilimia 9.4, wamewazidi wenye uzito pungufu, asilimia 9.2. Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika huko. Hii ina maana tuna muda ambao wengine hawakuupata, na wenye kuta wanaujua muda huo pia, wanapaka rangi.

Hoja ya tatu ni ya Mangi. Niliongea naye, mwenye duka la jirani, nikamwuliza kwa nini ukuta wake wote ni wa soda.

"Dada, rangi si wameleta wao? Na fundi wao. Mimi ukuta ulikuwa tofali tupu."

"Wanakulipa?"

"Wananipa friji. Friji ndiyo duka, dada yangu."

Hakuna hila katika jibu lake. Ada ya bango hupimwa kwa ukubwa wake, wala hakuna anayeuliza ni nani atakayelisoma. Chakula kinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019 kazi hiyo ilipoondolewa TFDA. Utangazaji uko TCRA. Mabango yako mikononi mwa mamlaka nyingine. Kila ofisi inasoma kipande chake. Ukuta mzima, kama mtoto anavyousoma, hauna msomaji serikalini. Kizuizi cha maana hakitamnyang'anya Mangi friji yake. Kitasema tu kwamba ukuta unaotazama lango la shule usiuzwe, kama ambavyo tulikubali zamani kwamba ukuta wa kliniki usiuze maziwa ya kopo.

Hapa langoni, kwa kweli, ndipo panapoonyesha tofauti. Saa za mapumziko kuna mama anauza ubuyu wa rangi, karanga, barafu za mfukoni, na embe mbichi zenye chumvi na pilipili. Ubuyu una sukari na rangi. Sitajifanya ni dawa. Lakini mama anaita kwa sauti yake, uso wake unaonekana, na mtoto anajua kwamba anauziwa. Anaweza kubishana naye bei. Anaweza kumwambia ubuyu wa leo mchachu. Mama huyu hakumwita katika ndoto, hakuandika jina lake juu ya jina la shule, hakujifanya mwalimu. Uuzaji wake una hodi. Sheria itakayomfukuza mama wa ubuyu na kuiacha nembo juu ya bango itakuwa imesoma matini kinyume, na tunazijua sheria zetu za mjini. Mara nyingi mwenye beseni ndiye wa kwanza kuondolewa.

Kwa hiyo nikiombwa kusema kanuni yetu iweje, nitajibu kama mhakiki. Ihesabu nembo na rangi kuwa tangazo, hata pasipo na chupa. Imhesabu mtoto mpaka miaka 18, kama sheria yake inavyosema. Izitoe nembo kwenye shule, mabango yake, daftari zake na majina ya mashindano yake, na izitoe katuni kwenye pakiti za vitu ambavyo hakuna daktari angempa mwanawe kila siku. Isimguse anayeuza kwa sauti yake. Na iandikwe kwa Kiswahili ambacho Mangi ataweza kukisoma dirishani, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa kwanza.

Watu wataniambia shule haina fedha ya bango. Bango la shule ni bati, mabomba mawili, mfuko wa saruji, rangi ya kopo mbili na siku moja ya fundi wa kuchomelea. Kamati ya wazazi inayochangishana kwa ajili ya madawati inaweza kuchangishana kwa hilo. Herufi zitakuwa zimepinda kidogo, na rangi itapauka mapema kwa jua la Dodoma. Mtoto atakayesimama chini yake akijaribu silabi zake atakutana na jina la shule yake, na hakuna mwingine atakayekuwa anasema naye.